Saratani ya damu kwa watoto: karatasi ya kromosomu inasema nini?

Mzazi anakabidhiwa karatasi ya majibu ya maabara. Juu kuna jina la mtoto, umri na tarehe, na hayo anayasoma vizuri. Chini yake kuna maandishi kama t(9;22), au t(12;21), au namba peke yake: kromosomu 54. Akiuliza, anaambiwa ni majibu ya kromosomu. Akifika nyumbani maneno yanakuwa mengine kabisa. Mtoto "ana kasoro ya kuzaliwa". "Damu ya upande wa mama ina shida." "Wamesema huyu hatapona."

Maswali ya namna hii huingia kwenye simu yetu ya studio kila mwezi wa Septemba, mwezi wa saratani kwa watoto, na tena Februari 15, siku yao kimataifa. Dakika kumi za kipindi hazitoshi kuyajibu, ndiyo maana tumeandika makala haya uyasome taratibu kwenye simu yako.

Kuna sababu nyingine ya kuyaandika. Septemba 2018 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilijiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau watoto 60 kati ya 100 wanaopata saratani duniani wawe wanapona. Lilichagua saratani sita za kuanza nazo, na ya damu inayowapata watoto wengi zaidi ni mojawapo. Leo katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani wanapona. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa hesabu za WHO, hawafiki 30. Kromosomu za watoto haziwezi kutofautiana kiasi hicho kati ya bara na bara. Kuna kitu kingine katikati, na tutakifikia.

Ugonjwa wenyewe

Ndani ya mifupa yetu kuna uloto, ule urojo tunaounyonya tukipasua mfupa wa supu. Huko ndiko damu inakotengenezwa: seli nyekundu zinazobeba hewa, seli nyeupe ambazo ni askari wa mwili, na chembe sahani zinazozuia damu isitoke ovyo. Katika saratani ya damu, yaani lukemia, askari wachanga wanazaliwa kupita kiasi, hawakui, hawapigani, na wanajaza kambi yote. Wengine wote wanakosa nafasi.

Aina inayowapata watoto zaidi, hasa wa miaka miwili hadi mitano, ni lukemia kali ya limfoblasti. Madaktari huiandika kwa herufi tatu, ALL. Inaitwa kali kwa sababu inakwenda kwa wiki. Watu wazima nao huipata, ingawa kwao ni nadra zaidi na ni ngumu zaidi kuitibu.

Dalili zake ndizo zinazotuponza sisi wa huku. Homa inayorudi. Mtoto anapauka viganja na midomo. Anachoka, anaacha kucheza. Damu puani au kwenye fizi, mabaka ya kuvilia damu bila kuanguka, tezi zilizovimba, tumbo lililojaa. Wengine wanalalamika mifupa hadi wanakataa kutembea. Nani katika kijiji chenye mbu hatasema hii ni malaria? Na kweli mtoto mwenye lukemia anaweza kuwa na malaria pia, kipimo kikasoma mistari miwili, akapewa dawa mseto na kurudishwa nyumbani. Anarudi baada ya wiki mbili. Mara ya tatu anaandikiwa taifodi. Kipimo kinachoanza kufungua macho ni picha kamili ya damu, na hiki kinafanyika katika hospitali nyingi za wilaya.

Kitabu chenye juzuu 46

Sasa kromosomu. Kila seli ya mwili wako ina kitabu cha maelekezo, na kitabu hicho kimegawanywa katika juzuu 46: juzuu 23 zimetoka kwa baba na 23 kwa mama. Idadi hiyo ilipatikana kwa uhakika mwaka 1956 tu, katika mji wa Lund, Sweden, na watafiti wawili, Joe Hin Tjio na Albert Levan. Kabla ya hapo vitabu vya sayansi vilifundisha kuwa ni 48, kwa miaka zaidi ya thelathini.

Katika seli ya lukemia kitabu kimevurugika. Juzuu zinaweza kuzidi, zikawa 54 au 58. Zinaweza kupungua. Au kurasa za juzuu moja zinanyofolewa na kubandikwa kwenye nyingine. Ile herufi t kwenye karatasi ina maana kwamba vipande vimehama: t(9;22) ni kipande cha kromosomu namba 9 kilichobadilishana nafasi na kipande cha namba 22. Pale vipande viwili vinapokutana, sentensi mbili zisizohusiana zinasomeka kama amri moja, na amri hiyo inaiambia seli izaliane bila kusimama.

Hapa nitulie kidogo, kwa sababu neno vinasaba limeharibiwa na kesi za nani baba wa mtoto. Uvurugikaji huu, kwa watoto walio wengi kabisa, haukutoka kwa baba wala kwa mama. Umetokea ndani ya seli moja ya uloto wa mtoto mwenyewe, kwa bahati mbaya wakati seli ikijigawa. Seli zake nyingine, za ngozi, za ini, za ubongo, zina juzuu 46 zilizo sawa. Hakurithi, na yeye hatarithisha. Alama ya t(12;21) mara nyingi hutokea mtoto angali tumboni, na hilo lilijulikana kwa kuchunguza mapacha wanaofanana na matone ya damu yaliyohifadhiwa tangu siku za kwanza za uhai. Lakini hata hiyo si urithi. Seli ilikosea tumboni, na kati ya watoto wanaozaliwa na kosa hilo karibu 99 kwa kila 100 hawaugui kamwe. Pacha mmoja anaweza kumpitishia mwenzake seli hiyo kupitia kondo la nyuma, kwa kuwa damu yao imechanganyika.

Yapo machache ya kuzingatia. Mtoto mwenye ugonjwa wa Down, aliyezaliwa na kromosomu namba 21 tatu badala ya mbili, yuko kwenye hatari ya kupata lukemia mara 10 hadi 20 zaidi ya wenzake. Na ipo aina moja adimu, yenye kromosomu 32 hadi 39 tu, ambayo karibu nusu ya watoto wanaoipata wamezaliwa na jeni iliyokosewa. Hao familia yao inastahili kuchunguzwa. Nje ya hayo, mkwe anayemtazama mama wa mtoto kwa jicho baya anamwonea.

Alama ya Philadelphia

Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia, Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waliona kitu kidogo kwenye darubini: wagonjwa wa aina fulani ya lukemia sugu walikuwa na kromosomu moja fupi isiyo ya kawaida. Ikapewa jina la mji. Miaka kumi na tatu baadaye, mwaka 1973, Janet Rowley wa Chicago akaonyesha ufupi ule umetoka wapi. Alikuwa akikata picha za kromosomu kwa mkasi na kuzipanga juu ya meza ya chakula nyumbani kwake, akagundua kuwa kipande kilichokosekana kwenye namba 22 kimekwenda kwenye namba 9. Ndiyo t(9;22).

Alama hiyo hiyo ipo kwenye ALL. Kwa watoto ni wachache, watatu hadi watano kati ya mia. Kwa watu wazima ni kama mmoja kati ya wanne, na inaongezeka kadiri umri unavyokwenda. Kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo alama ya kuogopwa kuliko zote. Daktari akiiona alianza kutafuta namna ya kupandikiza uloto, na mara nyingi hata hivyo ugonjwa ulirudi.

Kisha ikaja imatinib. Hiki ni kidonge, si sindano, na kazi yake ni kuziba mdomo wa ile amri mbovu inayotokana na kukutana kwa 9 na 22. Marekani iliiidhinisha Mei 2001 kwa lukemia sugu. Watafiti wakajiuliza: kwa nini isijaribiwe kwa watoto wa ALL wenye alama ile ile? Majibu yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba watoto waliopewa imatinib mfululizo pamoja na dawa za kawaida, asilimia 80 walikuwa wazima miaka mitatu baadaye bila ugonjwa kurudi. Kabla ya kidonge hicho walikuwa asilimia 35.

Tafakari hiyo. Kromosomu haikubadilika, bado ni 9 na 22 zile zile za mwaka 1960. Kilichobadilika ni dawa, na karatasi iliyosomeka kama hukumu ikawa inasomeka kama maelekezo: mpe huyu kidonge hiki. Mwaka 2015 WHO iliingiza imatinib kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Tanzania na Kenya ni miongoni mwa nchi ambako wagonjwa wa lukemia sugu wamekuwa wakiipata bure kupitia mpango wa msaada wa kampuni iliyoitengeneza, na sasa viwanda vingine navyo vinaitengeneza kwa bei nafuu. Mtoto mwenye alama hii ambaye hajapimwa anatibiwa kama wengine wote, na kidonge chake kinabaki kabatini.

Alama njema, alama mbaya, na ile iliyohama kambi

Watu wa redio tunapenda kusema "habari njema na habari mbaya", lakini kwenye kromosomu lazima tuwe waangalifu.

Habari njema kwanza, kwa kuwa ndizo nyingi. Mwaka 1978 watafiti wa London waliripoti kwamba watoto ambao seli zao za lukemia zilikuwa na kromosomu nyingi kupita kawaida walikuwa wakiishi zaidi ya wengine. Ilishangaza: kitabu kimevurugika zaidi, mtoto anapona zaidi! Leo tunajua kwamba seli zenye kromosomu zaidi ya 50 huchukua dawa nyingi ndani yake na kufa haraka. Robo ya watoto wa ALL huko Ulaya na Marekani, au zaidi kidogo, wako kundi hili. Robo nyingine wana t(12;21). Makundi haya mawili, yakitibiwa sawasawa, watoto zaidi ya 90 kati ya 100 wanapona. Kwa hiyo ile namba 54 iliyomtisha mzazi ilikuwa faraja.

Upande wa pili wapo wenye kromosomu chini ya 44, ambao ni mmoja au wawili kati ya mia. Hawa bado ni kazi ngumu hata kwa hospitali kubwa za dunia. Wapo pia watoto wachanga wa chini ya mwaka mmoja. Wengi wao, karibu watatu kati ya wanne, wana mvunjiko kwenye kromosomu namba 11 mahali penye jeni inayoitwa KMT2A, na ugonjwa wao ni mkali mno.

Lakini angalia yanayotokea hata kwa alama hizi "mbaya". Ipo moja ambapo kipande cha kromosomu namba 21 kimejinakili mara nyingi ndani ya kromosomu hiyo hiyo. Kule Uingereza, watoto wenye alama hii walipotibiwa kwa mpango wa kawaida katika miaka ya 1990, baada ya miaka mitano ni asilimia 29 tu waliokuwa hawajapata pigo, yaani ugonjwa kurudi au kifo. Katika mpango uliofuata, wengi wao waliwekwa kwenye dawa kali zaidi tangu mapema. Wakawa asilimia 78. Nchi ni ile ile na alama ni ile ile, na dawa zilikuwa za kawaida, nyingi za tangu enzi za babu zetu. Tofauti ni kwamba safari hii alama ilitafutwa, ikapatikana, na ikafanyiwa kazi.

Hata t(1;19), inayoonekana zaidi kwa watoto weusi wa Marekani kuliko kwa weupe, zamani iliorodheshwa na alama mbaya. Dawa zilipoongezwa nguvu ikatoka kwenye orodha hiyo. Na kwa wale wachanga wa KMT2A, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliongeza dawa mpya, blinatumomab, ambayo inamshika askari mzima wa mwili kwa mkono mmoja na seli ya saratani kwa mkono mwingine na kuwakutanisha. Walikuwa wachanga 30 tu. Miaka miwili baadaye 93 kati ya kila mia walikuwa hai, wakati katika utafiti uliotangulia walikuwa 66. Desemba 2024 dawa hiyo hiyo ikaonyesha matokeo kwa watoto wa kawaida wa ALL: miaka mitatu bila ugonjwa kurudi, asilimia 96, dhidi ya 87.9 kwa wenzao waliopata dawa za kemikali peke yake.

Dawa hii haiulizi kromosomu gani imevunjika. Inatafuta alama iliyo kwenye ganda la seli. Kwa hiyo huko mbele tofauti kati ya kromosomu njema na mbaya itaendelea kupungua. Tatizo ni kwamba mtoto hupewa kwa kijibomba kinachosukuma dawa mshipani usiku na mchana kwa siku 28 kila awamu, na bei yake si ya kuizungumzia katika hospitali zetu. Sisi wenye umeme wa kukatika tuipongeze, lakini tusiifanye kisingizio cha kusubiri.

Kanda yetu kwenye historia hii

Wengi hawajui kwamba Kanda ya Ziwa Viktoria ina sehemu yake katika elimu ya kromosomu. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya unaowapata watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Baadaye ilijulikana kwamba seli za uvimbe huo mara nyingi zina kubadilishana vipande kati ya namba 8 na namba 14. Sasa, mara chache seli hizo hizo hujaza uloto, na mtoto anafika hospitali akionekana ana ALL. Kumbe ugonjwa ni mwingine, na unatibiwa kwa miezi michache ya dawa nzito, tofauti na miaka miwili au mitatu ya ALL. Ukikosea jina umekosea dawa. Saratani hiyo ya Burkitt nayo imo katika zile sita za WHO.

Kinachoamua huku kwetu

Turudi kwenye zile hesabu mbili, 80 na 30. WHO yenyewe inaeleza pengo linatokana na nini: mtoto hagunduliki, au anagunduliwa kuwa na kitu kingine, au anachelewa; hafikii tiba; anaiacha njiani; anauawa na madhara ya dawa; ugonjwa unarudi. Kromosomu inahusika moja kwa moja na hilo la mwisho. Yale mengine ni nauli, rufaa, damu ya kuongezewa na maambukizi wodini.

Kuacha njiani kunahitaji kueleweka bila kumlaumu mzazi. Mwezi wa kwanza mtoto amelazwa. Nywele zinatoka, anatapika, halafu ghafla anapendeza, anakula, anacheka. Mama ameacha wadogo nyumbani na shamba halijapaliliwa. Baada ya miezi kadhaa inakuja awamu ndefu ya vidonge vya kumeza nyumbani, mtoto akiwa anaonekana mzima kabisa. Hapo ndipo wengi wanaona imetosha. Lakini hata pale darubini isipoona kitu, seli za lukemia zinaweza kuwa bado zimejificha kwa mamilioni, na zikirudi zinarudi zikiwa zimezoea dawa. Mtoto wa kromosomu 54, mwenye nafasi ya zaidi ya 90 kwa mia, akiachishwa vidonge mwezi wa nane nafasi hiyo haipo tena. Hakuna kromosomu njema inayofanya kazi bila dawa.

Kwa sababu hiyo wapo wanaosema, na nimewasikia wataalamu wakisema hewani, kwamba kupima kromosomu ni anasa, tutengeneze kwanza nauli na damu. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Yapo mambo yanayotabiri nafasi ya mtoto bila mashine kubwa: umri wake (mwaka mmoja hadi chini ya kumi ndio wenye nafasi nzuri), idadi ya seli nyeupe siku ya kwanza (chini ya 50,000 ni afadhali), na jinsi anavyoitikia dawa. Madaktari wa Ujerumani waliwafundisha wenzao kuhesabu seli mbovu siku ya nane baada ya wiki moja ya prednisolone: zikiwa chini ya 1,000 kwa mikrolita moja ya damu, dawa imeshika. Hicho ni kipimo cha darubini na mtu anayejua kusoma slaidi. Hospitali isiyofanya hata hicho haina sababu ya kusingizia ukosefu wa maabara ya kromosomu.

Nusu nyingine siikubali, na sababu yangu inatokana na hao hao wanaokufa wodini. Dawa za saratani zinaua askari wa mwili pamoja na seli mbovu, na mahali penye maambukizi mengi kila dozi ya ziada ina bei yake. Ukijua mtoto ana t(12;21) na ameitikia vizuri, unaweza kumpa mpango mwepesi zaidi. Unamwepusha na dozi ambayo hakuihitaji. Usipopima unabaki na mambo mawili: uwape wote dawa nyepesi, uwapoteze wale wa alama mbaya, au uwape wote dawa nzito, uwapoteze kwa maambukizi wale ambao wangepona. Hospitali ya nchi tajiri inaweza kumbeba mtoto aliyezidishiwa dawa. Ya kwetu inashindwa. Kwa hiyo kipimo hiki kina faida kubwa zaidi pale penye vifaa vichache.

Ugumu wake ni wa kweli. t(12;21) haionekani kwa darubini ya kawaida, inahitaji rangi maalumu zinazong'aa au mashine ya kukuza vinasaba. Seli za kuhesabia kromosomu lazima zifike maabara zikiwa hai, na joto la buti la basi haliziachi. Kwa alama ya Philadelphia njia ni fupi kidogo: mashine ya GeneXpert, ambayo hospitali nyingi zinaitumia kupima kifua kikuu, ina katriji za kuisaka. Mtego uko hapa: alama hiyo ina maumbo mawili makuu, na katriji iliyozoeleka ilitengenezwa kwa umbo la lukemia sugu. Watoto wengi wa ALL wana lile umbo jingine, fupi. Jibu linaweza kusema "haipo" wakati ipo. Aliyeandika "haipo" aandike pia ametafuta umbo gani.

Na takwimu zote nilizotaja za robo hii na robo ile zimetoka kwa watoto wa Ulaya na Marekani. Za watoto wa Sengerema, Kahama au Kigoma zitapatikana siku sampuli zao zitakapopimwa kwa wingi.

Kwa aliye na mtoto mgonjwa sasa

Homa iliyorudi mara ya pili pamoja na kupauka au kuvilia damu, omba picha kamili ya damu, na omba rufaa mapema. Tiba ya saratani kwa watoto ipo Bugando Mwanza, Muhimbili Dar es Salaam na KCMC Moshi, na taasisi ya Tumaini la Maisha inashirikiana na Muhimbili na hospitali nyingine kuwahudumia watoto hawa.

Usinunue prednisolone wala deksamethasone duka la dawa ili kushusha homa au uvimbe. Dawa hizo zinaua seli za lukemia kwa muda, mtoto anapata nafuu ya siku chache, na kipimo cha uloto kinakuja kuchukuliwa kikiwa kimeshachafuliwa.

Lipo pia lile ua la waridi lenye majani ya kung'aa linaloota kwenye nyua zetu, asili yake Madagaska. Ni kweli kwamba vincristine, moja ya dawa kuu za ALL tangu miaka ya 1960, inatoka kwenye mmea huo. Kiwandani huhitajika majani mengi sana kupata dawa kidogo, na kipimo chake ni cha miligramu. Ukichemsha majani nyumbani unampa mtoto sumu bila kujua ni kiasi gani.

Ukikaa na daktari, muulize mambo haya na uandike majibu: Seli ni za aina gani? Kromosomu zimepimwa, na zipi zilitafutwa? Alama ya Philadelphia ilitafutwa? Siku ya nane na mwisho wa mwezi wa kwanza dawa ilikuwa imeshika kiasi gani? Hilo la mwisho lina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani: mtoto mwenye alama ya kutisha ambaye uloto wake umesafika mapema anaweza kuwa na nafasi nzuri kuliko mwenye alama njema aliyechelewa kusafika.

Kuhusu dawa zenyewe, WHO na hospitali ya St. Jude ya Marekani walitangaza Desemba 2021 mfuko wa dola milioni 200 wa kununua dawa za saratani za watoto na kuzigawa bure. Shehena za kwanza zilianza kupelekwa mapema 2025, Mongolia na Uzbekistan. Katika nchi sita za majaribio, ya Afrika ni moja tu, Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma.